Hemingway na kaskazi mbili: Malindi 1934, Shimoni 1954

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KWA mkazi wa Kibamba, papa ni kitoweo. Humkuta sokoni akiwa amekaushwa na kutiwa chumvi, na mpishi anayeijua kazi yake humlowesha kwanza ili chumvi ipungue, kisha akamuunga kwa nazi. Bahari yenyewe haionekani kutoka huko. Iko zaidi ya kilomita 20 mbele, mwisho wa Barabara ya Morogoro na mitaa ya katikati ya jiji, pale Feri ambako samaki hushushwa alfajiri.

Lakini yupo mtu aliyempa papa sura nyingine, ambayo ndiyo wasomaji wengi duniani wanayo vichwani mwao: sura ya mwizi anayemnyang'anya mvuvi jasho lake kabla hajafika pwani. Mtu huyo ni Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1961.

Hapa Tanzania, Hemingway hukumbukwa zaidi kwa simba, tandala na theluji ya Mlima Kilimanjaro. Wachache wanakumbuka kwamba safari zake zote mbili za Afrika Mashariki, zilizopishana kwa miaka 20, hazikumalizikia porini. Zilimalizikia baharini, katika msimu wa kaskazi, kwa azma ya kuvua samaki wakubwa. Ya kwanza ilimwondoa pwani hii akiwa na hamu ya kununua chombo chake mwenyewe. Ya pili ilimwondoa akiwa na majeraha ya moto, mwili umevunjika, na hakurudi tena.

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa maji na msitu kuliko mambo ya mjini. Kila kiangazi aliichukua familia hadi Ziwa Walloon, jimbo la Michigan, na huko ndiko alikomfundisha mwanawe kushika mshipi na bunduki angali mtoto mdogo.

Mwaka 1917, akiwa na miaka 18, alianza kazi katika gazeti la Kansas City Star. Mwaka uliofuata alikwenda Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akajeruhiwa vibaya miguuni Julai 8, 1918. Baadaye aliliandikia gazeti la Toronto Star kutoka Paris, na miongoni mwa habari zake za wakati ule imo moja kuhusu uvuvi wa jodari katika bandari ya Vigo, Hispania. Kwa hiyo samaki wakubwa walikuwa wamemwingia akilini kabla hajawa na jina wala fedha.

Jina lilikuja haraka. Riwaya zake mbili za mwanzo, iliyotoka mwaka 1926 na ile ya vita ya mwaka 1929, zilimweka mbele ya waandishi wa rika lake. Kati ya vitabu hivyo viwili aliachana na mke wake wa kwanza, Hadley, akamwoa Pauline Pfeiffer mwaka 1927. Desemba 1928 baba yake alijiua kwa bastola. Jambo hilo lilimwandama hadi mwisho wa maisha yake, ingawa kwa miaka mingi alilizungumzia kwa mkato.

Mwaka huohuo wa 1928 alihamia Key West, kisiwa kidogo kusini kabisa mwa Florida. Mbele ya kisiwa hicho hupita mkondo mkubwa wa bahari, na ndani ya mkondo huo hupita nduwaro, sulisuli, jodari na papa. Mwaka 1932 alivuka hadi Havana, Cuba, kwa boti ya rafiki yake, akajifunza kuvua nduwaro. Tangu hapo bahari ilishindana na meza ya kuandikia kwa ajili ya saa zake za mchana.

Uvuvi wa namna hii unahitaji maelezo kidogo, maana haufanani na ule wa ngalawa na jarife. Mvuvi wa michezo huketi kwenye kiti nyuma ya boti, akiwa na ufito imara wenye gurudumu la kuzungushia mshipi. Chambo huburutwa nyuma ya boti inayotembea. Samaki akishika, kazi yote humwangukia mtu mmoja, na mwingine akigusa ufito au mshipi ushindi huo hauhesabiwi. Nduwaro mkubwa anaweza kumchosha mtu kwa saa kadhaa. Na katika saa hizo zote samaki aliyenasa huvuja damu, huchoka, na hawezi kukimbia. Hapo ndipo papa anapoingia. Samaki aliyeliwa na papa hahesabiwi vilevile.

Safari ya kwanza ya Afrika iligharamiwa na Gus Pfeiffer, mjomba tajiri wa Pauline, aliyetoa dola 25,000, fedha nyingi mno katika miaka ile ya mdororo wa uchumi. Hemingway, Pauline na rafiki yao wa Key West, Charles Thompson, walipanda meli Marseille, Ufaransa, wakateremka Mombasa Desemba 8, 1933. Mwenyeji wao porini alikuwa Philip Percival, mwindaji mzoefu aliyekuwa na shamba karibu na Machakos.

Waliingia Tanganyika na kufika Serengeti. Huko Hemingway akapatwa na ugonjwa wa kuhara damu uliomlegeza kabisa. Katikati ya Januari 1934 ndege ndogo ilimchukua, ikapitia Arusha na kuukaribia Mlima Kilimanjaro kabla ya kumfikisha Nairobi kwa matibabu. Safari hiyo ya mgonjwa ndiyo iliyozaa hadithi yake mashuhuri ya mlima huo, iliyochapishwa mwaka 1936.

Alipopata nafuu alirudi kuwinda tandala katika nyika za upande wa Kondoa na Handeni. Kitabu alichokitoa mwaka 1935 kuhusu siku zile hakimfichi: alimwonea wivu Thompson, ambaye karibu kila mara alipata mnyama mkubwa kuliko wake. Jambo la ajabu ni kwamba katikati ya kitabu hicho cha pori la Tanganyika imo sentensi moja ndefu kuliko zote, na inahusu mkondo wa bahari wa Cuba. Mtu alikuwa Kondoa, moyo ulikuwa majini.

Februari 1934 msafara ulishuka pwani hadi Malindi. Kalenda ilikuwa upande wao. Upepo wa kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na huendelea hadi Machi, bahari ikiwa shwari kuliko wakati wa kusi. Kwa kawaida sulisuli huonekana kwa wingi Malindi kuanzia Novemba hadi Januari, na nduwaro huendelea kupatikana hadi Machi. Kusi likianza, mawimbi huwa makubwa na boti ndogo za michezo huvutwa pwani.

Kaskazi hilohilo ndilo lililokuwa likiyaleta majahazi ya Arabuni katika bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na miongoni mwa shehena zake, pamoja na tende, alikuwamo papa mkavu. Upepo mmoja ulimletea Mswahili kitoweo na ukamletea Mmarekani tajiri mchezo. Haielekei kwamba Hemingway aliliona hilo, kwani hakuwahi kuandika kitabu kuhusu pwani hii.

Malindi alikuwa pamoja na Percival, kijana tajiri wa Kimarekani Alfred Vanderbilt, na Bror Blixen, mwindaji wa Kiswidi aliyewahi kuwa mume wa mwandishi Karen Blixen. Boti waliyoikodi ilikuwa na injini mbovu iliyowasumbua mara kwa mara. Hata hivyo walipata nguru, kolekole, fulusi na sulisuli. Si samaki wa kuvunja rekodi. Kwa mtu aliyekuwa kitandani mwezi mmoja kabla, zilikuwa siku za kurudisha afya, na pia siku za kujua ubaya wa kutegemea injini ya mtu mwingine.

Aliondoka Mombasa kwa meli pamoja na Blixen na Vanderbilt. Mwanzoni mwa Aprili alikuwa New York, na mara moja akaenda katika kiwanda cha boti cha Wheeler, Brooklyn. Huko aliagiza boti ya injini ya urefu wa futi 38, kwa takriban dola 7,500. Sehemu ya fedha aliipata kwa kumwomba mhariri wa jarida la Esquire malipo ya makala ambazo alikuwa bado hajaziandika. Boti hiyo aliiita Pilar. Ukingo wake wa nyuma ulipunguzwa urefu na kuwekewa gogo la kuzunguka, ili samaki mzito aweze kuvutwa ndani upesi, kabla ya papa kumfikia.

Ingekuwa kutia chumvi kusema kwamba Malindi ndiyo iliyomnunulia Pilar, kwa sababu ndoto ya boti alikuwa nayo tangu Havana. Lakini tarehe zinajieleza. Kati ya boti mbovu ya Malindi na boti mpya ya Brooklyn zilipita wiki chache tu.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyompa papa nafasi ya pekee katika maisha yake. Aprili 1935, Pilar ikiwa njiani kuelekea visiwa vya Bimini, papa mmoja alivutwa hadi ubavuni mwa boti. Hemingway alimshika kwa kulabu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akashika bastola ili ammalize. Papa akajipinda, mpini wa kulabu ukavunjika, risasi ikagonga chuma cha ukingo na kupasuka. Vipande vikamwingia miguuni, miguu yote miwili. Ilibidi warudi Key West.

Mtu mwingine angelichukulia jambo hilo kuwa onyo. Yeye alirudi Bimini baada ya siku chache, na muda si mrefu akawa na bunduki ya rashasha ndani ya boti kwa ajili ya papa.

Bimini ilikuwa na tatizo lililojulikana. Jodari wakubwa walinaswa, lakini karibu wote walifika kwenye boti wakiwa vichwa vitupu. Mei 1935 Hemingway alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuleta pwani jodari mkubwa aliyekuwa mzima. Siri yake haikuwa bunduki. Alimvuta samaki kwa nguvu bila kumpa nafasi ya kupumzika, akafupisha vita kabla ya damu kuenea majini.

Bunduki ilileta fedheha. Mwaka huohuo wa 1935 rafiki yake, mchoraji Mike Strater, alinasa nduwaro mkubwa mno. Samaki alipokuwa karibu kuingizwa botini, papa wakatokea. Hemingway akawamiminia risasi. Damu ya papa waliopigwa ikawaita papa wengine wengi zaidi, nao wakamvamia nduwaro. Aliyeingizwa botini alikuwa amepoteza nusu ya mwili wake, na kilichobaki kilikuwa na uzito wa takriban ratili 500. Strater aliamini hadi uzeeni kwamba bila ile rashasha angekuwa na samaki wa kihistoria, na urafiki wao haukupona.

Kisa hiki kina uzito kuliko picha zote za Hemingway akiwa amesimama kando ya samaki aliyening'inizwa. Kinaonyesha udhaifu wake mkubwa, yaani kushindwa kuvumilia ushindi wa mwingine, uleule ulioonekana kwa Thompson porini Tanganyika. Pia kinaonyesha jinsi ambavyo, kwa kumchukia papa, aliwakusanya papa.

Ni haki kuongeza kwamba alikuwa pia mwanafunzi makini wa bahari. Mwaka 1934 aliwakaribisha ndani ya Pilar wataalamu wawili kutoka Philadelphia, Charles Cadwalader na Henry Fowler, waliotaka kuwajua vizuri nduwaro wa Atlantiki. Mwaka uliofuata Fowler alimpa samaki mmoja mdogo jina la kitaalamu lenye jina la Hemingway. Chama cha kimataifa cha kusimamia rekodi na kanuni za uvuvi huu kilipoanzishwa mwaka 1939, muda mfupi baadaye alifanywa makamu wa rais wake, na wadhifa huo alikuwa nao hadi alipofariki.

Katika jarida la Esquire la Aprili 1936 aliandika, kwa aya chache tu, kisa alichosimuliwa na nahodha wake Mkuba, Carlos Gutiérrez. Mvuvi mzee alikuwa peke yake katika mtumbwi, akanasa nduwaro mkubwa aliyemvuta mbali sana na pwani. Akamshinda na kumfunga ubavuni. Papa wakamla samaki huyo huku mzee akiwapiga kwa chochote alichokuwa nacho. Wavuvi wenzake walimkuta analia, amechanganyikiwa.

Kisa hicho kilikaa miaka 16. Katikati palikuwa na vita vya Hispania, ndoa ya tatu na Martha Gellhorn mwaka 1940, Vita Kuu ya Pili, wakati Pilar ilipozunguka pwani ya Cuba ikitafuta nyambizi za Kijerumani, na ndoa ya nne na Mary Welsh mwaka 1946. Riwaya aliyoitoa mwaka 1950 ilichekwa na wahakiki, na wengi walisema amekwisha.

Septemba 1952 jarida la Life lilikichapisha kile kisa cha mzee na samaki, sasa kikiwa kitabu kizima, na nakala milioni tano ziliuzwa kwa siku mbili. Mei 1953 kikamletea Tuzo ya Pulitzer. Ndani yake mzee hana bunduki. Ana chusa, kisu, kasia na rungu, na kimoja baada ya kingine vinapotea au kuvunjika. Papa wa kwanza anayekuja, wa aina ya mako, anaelezwa kwa heshima kubwa, kama mnyama mzuri anayefanya kazi yake. Mzee anajilaumu mwenyewe kwa kwenda mbali mno. Aliyepata kuishika rashasha Bimini alijua alichokuwa akikiandika.

Akiwa katika kilele hicho, Hemingway alirejea Afrika Mashariki. Yeye na Mary walifika Mombasa mwishoni mwa Agosti 1953, safari hii kwa udhamini wa jarida la Look. Percival, mzee sasa, aliacha kustaafu kwa ajili yake. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Waliwinda upande wa Kajiado na Kimana, chini ya Kilimanjaro, na Hemingway akapewa cheo cha heshima cha ofisa wa wanyamapori. Aidha alimtembelea mwanawe Patrick, aliyekuwa na shamba John's Corner, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika.

Mpango ulikuwa uleule wa miaka 20 nyuma. Kwanza pori, kisha bahari wakati kaskazi lingali linavuma. Nyumba ilikodiwa Shimoni, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka wa Tanganyika, kinachotazamana na Kisiwa cha Wasini. Mbele ya Shimoni uko Mkondo wa Pemba, ambako kina huporomoka hadi mamia ya mita si mbali na ufuko. Ndiyo sababu nduwaro na jodari hupita karibu na nchi kavu, na ndiyo sababu kijiji hicho kilikuja kupata sifa kubwa kwa uvuvi wa michezo.

Kabla ya kwenda huko, Hemingway alimpa mkewe zawadi ya Krismasi: safari ya ndege kuona Kongo. Waliondoka Nairobi Januari 21, 1954, wakapitia Costermansville, ambao sasa ni Bukavu, na Entebbe. Januari 23, karibu na Maporomoko ya Murchison nchini Uganda, rubani aliinamisha ndege kuwakwepa ndege wa porini, akagonga waya wa simu wa zamani, na chombo kikaanguka vichakani. Walilala porini. Mary alikuwa amevunjika mbavu mbili.

Kesho yake mashua iliyopita mtoni iliwachukua hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Jioni hiyohiyo wakapanda ndege nyingine. Ilishindwa kuruka, ikaanguka na kuwaka moto. Mlango ulikuwa umekwama, na Hemingway akaupiga kwa kichwa hadi ukafunguka.

Magazeti ya nchi nyingi yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake. Alizisoma tanzia zake akiwa Nairobi, na inasemekana alizifurahia. Mwili haukuwa na la kufurahia. Fuvu lilikuwa limepasuka, uti wa mgongo umeumia, ini, wengu na figo vimejeruhiwa, jicho na sikio la kushoto havifanyi kazi sawasawa, na uso na mikono vimeungua. Mtu wa namna hiyo alipaswa kulala hospitali kwa miezi.

Yeye alikwenda Shimoni. Mary, Percival, Patrick na mkewe walikuwa wametangulia, na boti ilikuwa tayari. Bahari ilikuwa ile aliyoisubiri, mwezi ni uleule wa Februari, na sasa alikuwa na fedha, jina na ujuzi ambao hakuwa nao Malindi. Kilichokosekana ni mgongo wa kukalia kiti cha mvuvi. Siku nyingi wenzake walikwenda kuvua, na yeye akabaki pwani kivulini.

Kisha ukazuka moto wa msituni karibu na kambi. Hemingway, ambaye hakuweza hata kusimama vizuri, aling'ang'ania kusaidia kuuzima. Akapata kizunguzungu, akaangukia ndani ya moto. Alitolewa akiwa na majeraha mapya miguuni, tumboni, kifuani, mikononi na mdomoni, juu ya yale ya Butiaba yaliyokuwa hayajapona.

Kwa Hemingway, huo ndio ulikuwa mwisho wa uvuvi katika Afrika Mashariki. Machi 1954 alipandishwa meli Mombasa kuelekea Venice. Kaskazi lilikuwa linakwisha.

Oktoba 28, 1954 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, huku kile kitabu cha mzee na papa kikitajwa kuwa sababu mojawapo. Hakuweza kwenda Stockholm kuipokea kwa sababu ya afya, na hotuba yake ikasomwa na balozi wa Marekani. Mwaka 1956 alijaribu tena bahari, safari hii Cabo Blanco, Peru, wakati watengenezaji wa filamu ya kitabu hicho walipotafuta nduwaro mkubwa wa kumpiga picha. Mwaka 1960 katika mashindano ya uvuvi yenye jina lake mjini Havana alimkabidhi zawadi Fidel Castro, aliyekuwa ameshinda. Mwaka huohuo aliondoka Cuba, akamwacha nyuma Pilar.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya maumivu, huzuni nzito na matibabu ya umeme hospitalini, ambayo yalimharibia kumbukumbu. Julai 2, 1961, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 62, alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho. Baba yake alikuwa amekwenda kwa njia hiyohiyo.

Mwanawe Patrick alibaki huku. Aliishi Tanganyika, baadaye Tanzania, kwa takriban robo karne, na kwa miaka kadhaa alifundisha katika Chuo cha Wanyamapori Mweka, mkoani Kilimanjaro. Ni yeye aliyeuhariri na kuutoa mwaka 1999 muswada ambao baba yake aliuacha kuhusu safari ile ya pili.

Uvuvi wa michezo nao haukuondoka. Kaskazi likianza, boti hutoka Malindi, Watamu na Shimoni, na kwa upande wa Tanzania hutoka Pemba, Mafia na Dar es Salaam kuelekea Fungu Mbaraka. Tofauti ni kwamba nduwaro wengi siku hizi huwekwa alama na kuachiliwa wakiwa hai. Papa ndiye aliyebadilikiwa kuliko wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 duniani tangu mwaka 1970, sababu kubwa ikiwa uvuvi wa kibiashara. Mako, yule aliyeelezwa kwa heshima kitabuni, yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Pilar iko Cuba hadi leo. Baada ya kifo cha Hemingway iliachwa mikononi mwa nahodha wake wa miaka mingi, Gregorio Fuentes, aliyefariki mwaka 2002 akiwa na miaka 104. Imewekwa nchi kavu, chini ya paa, katika iliyokuwa nyumba ya Hemingway nje ya Havana, mahali palipokuwa uwanja wa tenisi. Lile gogo la kuvutia samaki bado lipo nyuma yake.